Figo Itatoka Nyumbani: Ushauri kwa Familia za Kerende

Mtu wa Kerende, kijiji chetu huku Tarime, anapoambiwa kwamba figo zake zimeshindwa kazi, familia huanza kwa kuhesabu ng'ombe. Wauzwe wangapi, nani amsindikize Mwanza, shamba la mahindi abaki nalo nani. Hesabu hiyo ni ya lazima. Lakini ipo nyingine ambayo huchelewa, wakati mwingine mpaka mgonjwa amekwisha dhoofu: ni nani ndani ya mji huu wa familia anaweza kumpa figo, na je, ataitoa kwa moyo wake?

Naliweka mbele swali hilo kwa sababu hapa kwetu figo haisubiriwi kutoka hospitali. Ziko nchi ambako mtu hujiandikisha angali mzima, akifariki ajalini viungo vyake vikawaokoa wengine. Kwetu sivyo: upandikizaji wa figo unaofanyika Tanzania umesimama juu ya watu walio hai, na hasa ndugu wa mgonjwa. Ulipofanyika mara ya kwanza katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Novemba 2017, madaktari wetu wakisaidiwa na wenzao kutoka India, mwanamke mmoja alipokea figo ya ndugu yake. Machi 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, nayo ikaanza, ikishirikiana na wataalamu wa Tokushukai kutoka Japani. Kabla ya hapo mgonjwa na ndugu yake walipanda ndege kwenda India, na gharama yake ilikuwa makumi ya mamilioni ya shilingi. Leo safari inaishia Dodoma au Dar es Salaam. Madaktari wapo na vyumba vya upasuaji vipo. Kisichopatikana huko ni figo yenyewe, na hiyo mnayo ninyi.

Tuanze na tofauti ya maisha, maana wengi hudhani mashine na figo mpya ni mamoja.

Mashine ya kusafisha damu humshika mgonjwa mara tatu kwa wiki, takribani saa nne kila mara. Inafanya sehemu tu ya kazi ambayo figo hufanya mchana na usiku bila kupumzika. Katikati ya siku hizo mgonjwa hunywa maji kwa kipimo hata kama koo limekauka, ndizi na parachichi anapunguziwa kwa sababu ya madini ya potasiamu, na nguvu za kushika jembe hana. Kwa mkazi wa Kerende anayehudumiwa katika hospitali ya Bugando, Mwanza, mashine maana yake ni kuhama. Chumba kinapangwa huko, mtoto mmoja anaacha shughuli zake ili amuuguze, na nyumbani mifugo inapungua mmoja baada ya mwingine. Akikosa nauli au malipo kwa wiki moja, maji hujaa mwilini mpaka kwenye mapafu, na hapo kifo kiko karibu.

Aliyepandikizwa figo hurudi nyumbani. Anakunywa maji akisikia kiu. Baada ya miezi kadhaa anaweza kulima, kufundisha, kuendesha duka, na mwanamke anaweza hata kuzaa, kwa ruhusa na uangalizi wa daktari. Lakini nisiwadanganye: hajapona kabisa. Kila siku ya maisha yake atameza dawa za kuzuia mwili usiikatae ile figo, na dawa hizo hupunguza kinga. Akiziacha kwa wiki chache kwa sababu anajisikia vizuri, au kwa sababu fedha imekwisha, figo ya ndugu yake itakufa ndani yake. Kwa hiyo kabla ya upasuaji familia iulize: dawa hizi zinapatikana wapi, kwa kiasi gani kwa mwezi, na bima inalipa kiasi gani? Nani atazifuata zikikaribia kwisha? Mgonjwa akirudi Kerende alale ndani ya chandarua kila usiku, achemshe maziwa na maji ya kunywa, na akae mbali na vumbi la makarasha, yaani mashine za kusaga mawe ya dhahabu, na mtu anayekohoa kifua kikuu. Figo iliyotolewa na mtu aliye hai, ikitunzwa, wengi hukaa nayo miaka 10 hadi 20. Hiyo inaweza kuwa miaka ya kutosha kumfikisha mtoto wa darasa la kwanza kwenye utu uzima akiwa na mzazi wake.

Sasa nani anaweza kutoa?

Kwanza kundi la damu. Mwenye kundi O anaweza kumpa figo mtu wa kundi lolote, na mwenye AB anaweza kupokea kutoka kundi lolote. Mwenye A humpa A au AB, mwenye B humpa B au AB. Ile alama ya chanya na hasi inayoandikwa mbele ya kundi, ambayo ina uzito mkubwa katika kuongezewa damu, kwenye figo haina shida. Baada ya hapo hutazamwa alama za tishu, ambazo kila mtu huzirithi nusu kwa mama na nusu kwa baba.

Miji yetu ya Kikurya mara nyingi ina nyumba kadhaa, kila mke na watoto wake, kwa hiyo jambo hili linafaa kueleweka vizuri. Watoto wa mama mmoja na baba mmoja wana nafasi moja kati ya nne ya kufanana tishu kabisa, nafasi mbili kati ya nne za kufanana nusu, na nafasi moja kati ya nne ya kutofanana. Watoto wa baba mmoja lakini mama tofauti, kwa kawaida, kilicho kikubwa wanachoweza kupata ni ile nusu ya baba. Basi mgonjwa akiwa na ndugu wa tumbo moja na baba mmoja, hao ndio wa kuanza nao, kisha mama na baba waliomzaa kama bado wana afya, kisha wengine. Wala msikate tamaa kama hakuna aliyefanana kabisa. Kwa dawa za siku hizi, nusu inatosha, na hata asiyefanana anaweza kufaa, mradi kundi la damu linaruhusu na kipimo cha mwisho, ambacho huchanganya damu ya wawili hao ili kuona kama mgonjwa ana kingamwili dhidi ya ndugu yake, kitoke salama.

Kipimo hicho cha mwisho kina jambo ambalo wanaume wachache wanalijua. Mwanamke aliyemzalia mume wake watoto anaweza kuwa alitengeneza kingamwili dhidi ya tishu za mume huyo wakati wa ujauzito, kwa sababu mtoto aliyembeba alikuwa na nusu ya alama za baba. Mume mwenye afya anaweza kutaka kwa moyo wote kumpa mke wake figo, vipimo vikakataa. Hilo lisichukuliwe kama ishara ya ugomvi wala laana. Ni mwili uliokumbuka mimba.

Lipo lingine, nalo ni zito kwetu. Vipimo vya tishu vinaweza kuonyesha kwamba mtoto hakuzaliwa na baba anayemwita baba. Katika nyumba ntobhu, ambako mwanamke huoa mwanamke ili apate watoto wa nyumba yake, hilo linajulikana tangu mwanzo wala halimwaibishi mtu. Watoto wa nyumba hiyo ni wa mji kwa haki zote, ila daktari atakapotafuta figo atauliza mama aliyewazaa ni yupi na baba wa damu ni yupi. Mwambieni ukweli, asipoteze muda wala fedha zenu kupima watu wasiohusiana kwa damu kana kwamba wanahusiana. Katika miji mingine siri hiyo inaweza kufumuka bila mtu yeyote kuitarajia. Ushauri wangu ni kwamba mzee wa mji aseme mapema, mbele ya wote, kuwa tunakwenda kutafuta figo na si kuchunguza uzazi. Na kila anayepimwa, anapozungumza na daktari wakiwa wawili tu, aombe majibu yanayohusu uzazi yasitajwe kwa mtu mwingine. Ana haki ya kuomba hivyo. Itakuwa hasara kubwa mno kumponya mtoto figo na papo hapo kumvunjia mama yake ndoa.

Hapo ndipo tunafika kwenye kikao chenyewe cha familia, na hapa nitasema kwa ukali kidogo.

Mengi ya mambo makubwa katika jamii yetu huamuliwa na wazee wakiwa wamekaa, na vijana na wanawake wakisikiliza. Kwa mahari sawa, kwa mpaka wa shamba sawa. Kwa figo, hapana. Mwili ni wa mwenye mwili. Baba hana mamlaka ya kumtaja mwanawe wa tatu na kusema huyu atatoa. Mume hawezi kumwamuru mke amtolee kaka wa mumewe. Duniani kote, wanaotoa figo wengi ni wanawake na wanaopokea wengi ni wanaume, na mtu akitazama miji yetu haoni sababu ya kuamini kwamba sisi tutakuwa tofauti tusipojihadhari. Binti aliyeolewa mbali, mke mdogo, kijana asiye na kazi: hao ndio mkono wa familia hukimbilia kwa sababu hawana nguvu ya kukataa. Mkikaa kikao, muulizeni kila mmoja peke yake, na aulizwe na mtu asiyemwogopa. Anayesita apewe muda. Anayekataa asinuniwe.

Wewe uliyeulizwa na ndani ya moyo wako hutaki, jua kwamba hospitali itakukalisha bila ndugu zako, ikuulize kama umekuja kwa hiari. Sema kweli hapo. Timu za upandikizaji duniani zimezoea jambo hili. Wanaweza kuiambia familia kwamba hukufaa kwa vipimo, basi, bila maelezo zaidi. Unaweza kubadili mawazo hata asubuhi ya upasuaji, kabla hujapewa dawa ya usingizi.

Na wewe unayetaka kutoa, haya ndiyo yatakayokupata. Ni lazima uwe umetimiza miaka 18. Utapimwa presha, sukari, mkojo kama una protini, virusi vya UKIMWI na homa ya ini, kisha picha za figo na mishipa yake. Ukiwa na presha ya juu au kisukari, utarudishwa nyumbani, na umshukuru Mungu kwamba umeyajua mapema. Ukipita, utafanyiwa upasuaji, utalala wodini siku chache, na kazi nzito utazianza baada ya wiki sita hadi miezi mitatu. Kwa anayebeba mifuko ya mawe kwenye karasha au anayelima kwa jembe la mkono, niseme wazi: familia inayopokea figo yako unaidai palizi ya msimu mzima, na mipango hiyo ifanywe kabla hujaondoka nyumbani. Figo inayobaki hukua kidogo na kubeba sehemu kubwa ya kazi ya mbili.

Hatari zipo. Takwimu za Marekani za mwaka 1994 hadi 2009 zilionyesha kwamba kati ya watoaji 10,000 takribani 3 walifariki kwa sababu ya upasuaji. Baadaye, uwezekano wa mtoaji mwenyewe kupata ugonjwa wa figo unaongezeka kidogo ukilinganisha na kama asingetoa, ndiyo maana anapaswa kupimwa presha na mkojo kila mwaka mpaka uzeeni. Mwanamke aliyetoa figo akija kushika mimba ana hatari kubwa zaidi ya kupata presha ya ujauzito na kifafa cha mimba. Kwa hiyo, mahali ambapo kliniki iko mbali, na barabara haipitiki wakati wa mvua, mimi ningeshauri binti ambaye bado hajazaa awe wa mwisho kufikiriwa, hata kama yeye ndiye wa kwanza kunyoosha mkono.

Wanaoogopa kwamba mtoaji hugeuka mgonjwa wa maisha wamsikie Ronald Herrick. Tarehe 23 Desemba 1954, mjini Boston, daktari Joseph Murray na wenzake walichukua figo yake moja na kumpandikiza pacha wake, Richard. Ulikuwa upandikizaji wa kwanza wa figo duniani kufanikiwa. Richard, aliyekuwa anakufa, akaishi miaka minane zaidi, akamwoa muuguzi wa hospitali ile ile, wakazaa watoto wawili. Ronald aliyetoa alikuwa mwalimu wa hesabu na mkulima. Akafundisha na kulima, akafariki Desemba 2010 akiwa na miaka 79, miaka 56 baada ya kutoa.

Dini isiwe kisingizio cha kuogopa. Baraza la fikihi la nchi za Kiislamu lililoko Jeddah liliruhusu upandikizaji kwa masharti mwaka 1988, likisisitiza hiari na kukataza kuuza. Papa Yohane Paulo wa Pili, akizungumza na wataalamu wa upandikizaji Roma mwaka 2000, aliita utoaji wa viungo tendo la upendo.

Sasa ng'ombe. Kwetu ng'ombe hufunga ndoa na hulipa damu iliyomwagika. Haishangazi basi kwamba mtu husema: akitoa figo tumpe ng'ombe kumi. Msifanye hivyo kabla ya upasuaji, wala msiahidi. Nauli, malazi, chakula, siku alizokosa kibarua, mtu wa kumlimia: hizo ni gharama halisi, na Azimio la Istanbul la 2008, linalofuatwa na madaktari wa upandikizaji duniani, linakubali mtoaji arudishiwe. Bei ya figo ni jambo jingine. Ikiingia bei, yule maskini kuliko wote katika ukoo ndiye atakayelala mezani, na hakuna daktari mwaminifu atakayewapasua.

Na ikiwa bei imetoka nje ya ukoo, hiyo ni biashara ya watu. Kerende inapakana na mgodi wa North Mara. Wapo vijana wengi wanaotafuta riziki kwa mawe, siku wanapata, wiki wanakosa, na mpaka wa Sirari hauko mbali. Dalali wa figo humtafuta kijana wa aina hiyo hiyo. Aprili 2025 Wizara ya Afya ya Kenya ilisimamisha huduma za kupandikiza figo katika hospitali moja ya binafsi mjini Eldoret, baada ya vyombo vya habari vya Ujerumani kueleza jinsi vijana walivyouza figo zao huko. Wanunuzi, kwa mujibu wa habari hizo, walilipa hadi takribani dola 200,000. Vijana waliambulia elfu chache, na wengine wakabaki na maumivu bila daktari wa kuwafuatilia. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2000 unaihesabu kazi ya namna hiyo kuwa usafirishaji haramu wa binadamu. Kijana akiambiwa kuna kazi ng'ambo ya mpaka na kwanza apimwe kundi la damu, asiende. Mzazi akisikia, apeleke habari kwa mwenyekiti wa kijiji na polisi siku hiyo hiyo.

Kuhusu njia ya kufuata, msiruke ngazi. Anayevimba uso asubuhi, anayekojoa mkojo wenye povu, aliye na presha au sukari ya muda mrefu, aanzie kituo cha afya cha Sungusungu au hospitali ya Tarime, apimwe mkojo na kreatinini. Aliyeko ng'ambo ya mto Mara, upande wa Serengeti, aanzie Mugumu. Kutoka hapo ni hospitali ya rufaa ya mkoa, ile ya Mwalimu Nyerere pale Kwangwa, Musoma, kisha Bugando. Kila hatua chukueni barua ya rufaa na nakala za vipimo, mziweke kwenye faili moja, maana karatasi iliyopotea hurudisha gharama upya. Siku daktari anapotaja neno mashine kwa mara ya kwanza, muulizeni palepale: mgonjwa wetu anafaa kupandikizwa? Kadiri anavyokaa kwenye mashine ndivyo mwili unavyochoka na ndivyo mali inavyoisha, na figo inayokuja mapema hufanya kazi vizuri zaidi.

Wakati huohuo zilindeni figo zilizopo, maana mgonjwa wa leo alikuwa mzima jana na mtoaji wa kesho lazima awe mzima. Zebaki inayotumika kukamata dhahabu huharibu figo. Mvuke wake ukichomwa jikoni, mama na mtoto huuvuta pamoja na mchenjuaji. Ichomwe nje, mbali na nyumba, kwa kifaa cha kunasa mvuke, na isishikwe kwa mkono mtupu. Vidonge vya diklofenaki ambavyo vijana humeza kila jioni kwa maumivu ya mgongo navyo, vikizoeleka kwa miezi, huua figo kimyakimya.

Figo ni jambo la wachache, lakini kuna tishu ambayo Kerende inaihitaji kila wiki, nayo ni damu. Mama anayetoka damu nyingi baada ya kujifungua hana saa za kusubiri gari kutoka Mwanza. Mtoto mwenye malaria kali damu yake hushuka mpaka viganja vinakuwa vyeupe. Kuna kijana wa bodaboda aliyegongwa, kuna aliyefukiwa na kifusi, kuna aliyekatwa panga, na kuna binti aliyekeketwa kwa siri Desemba na anayeletwa usiku wazazi wakiwa wanaogopa kusema. Wote hao wanaokolewa na chupa iliyotolewa na mtu mwingine siku kadhaa kabla. Chembe nyekundu hukaa kwenye jokofu takribani wiki tano, basi. Kijiji kilichochangia damu mara moja kwa mwaka siku ya sherehe hakijachangia kitu kwa miezi iliyobaki. Ratiba ndiyo inayotakiwa: kanisa hili mwezi huu, msikiti mwezi ujao, kisha wafanyakazi wa mgodi, kisha wanafunzi wa sekondari waliofikisha miaka 18.

Kuna pia watoto wa selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Tanzania huzaa takribani watoto 11,000 wenye ugonjwa huo kila mwaka, na Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa sehemu zilizoathirika zaidi. Wengi wao huhitaji kuongezewa damu. Tangu 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa imekuwa ikiwapandikiza baadhi ya watoto hao uloto, ambao hutoka kwa ndugu wa tumbo moja aliyefanana tishu kabisa. Mtoto anayetoa hapotezi kiungo. Mwili wake hutengeneza uloto mwingine, na anayepokea anaweza kuondokana na ugonjwa wenyewe. Mzazi mwenye mtoto wa selimundu na watoto wengine wa tumbo hilo hilo, uliza kliniki kuhusu rufaa ya Dodoma mtoto angali mdogo, kabla ugonjwa haujaharibu mapafu na ubongo.

Nimeiacha damu mpaka hapa kwa makusudi. Ukichangia, Mpango wa Taifa wa Damu Salama hupima damu yako virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C na kaswende, presha yako inapimwa, na unajua kundi lako. Hivyo ndivyo vipimo vya mwanzo vya safari ya figo. Mji ambao watu wazima wake wote wanachangia damu unajua tayari nani ni O na nani presha imeanza kupanda. Ikitokea siku mmoja wao akaambiwa figo zimeshindwa, kikao kitaanza na orodha mkononi, na waliomo kwenye orodha hiyo watakuwa watu waliokwisha kuzoea kutoa kwa hiari.

Masharti ni mepesi: miaka 18 hadi 65, uzito kuanzia kilo 50, wingi wa damu wa kutosha, na usiwe mgonjwa wala mjamzito wala unayenyonyesha. Mwanaume anaweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya minne. Kula vizuri, kunywa maji, nenda hospitali ya Tarime, na mchukue ndugu yako wa tumbo moja mwende pamoja. Mkirudi, andikeni makundi yenu ya damu kwenye daftari la nyumbani.